Jumapili Niliyoiziba Simu ya Mtaa

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, nilipoiziba simu ya mtaa mzima tangu asubuhi mpaka jua la utosi likapita, kisa nilikuwa natazama picha ya theluji. Naanzia hapo hapo, kwenye upumbavu wenyewe, usije ukadhani unasikiliza mtu mwenye busara. Busara niliyonayo niliipata kwa kuchelewa, kama mtu anayenunua mwavuli akiwa tayari amelowa.

Mimi, kila mtu hapa Nyasubi atakuambia, ni mtu wa nyumbani. Wapo waliozaliwa na miguu ya kusafiri. Mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga chapa, nikafungua ofisi sebuleni kwangu: taipureta, baadaye kompyuta moja iliyokwishatumika na wengine, na simu ya waya iliyokalia kitambaa alichokifuma mke wangu. Wenzangu walipokimbilia machimbo ya Geita kutafuta dhahabu, mimi niliogopa mashimo. Waliporudi na pikipiki, nikaogopa pikipiki. Mama Neema, mke wangu, alizoea kuwaambia wageni, "Huyu bwana, misiba ingekuwa inaletwa nyumbani kama maziwa, angehudhuria yote."

Simu ndiyo iliyonifanya nami nihesabike. Miaka ile ya mwishoni mwa tisini, simu za mkononi huku Kahama tulizisikia kama tunavyosikia habari za nyangumi. Kichochoro chetu chote kilikuwa na simu moja, yangu. Basi ikawa desturi kwamba mtu akisafiri anawaachia watu wake namba yangu, kama anavyoacha ufunguo kwa jirani. Simu inalia, napokea, naambiwa, "Niitie mama, napiga tena sasa hivi." Nainuka mpaka mlangoni, mlangoni tu, mwanangu, siyo mbali zaidi ya hapo, naita jina, na mtaa unalipokezana nyumba kwa nyumba hadi linamfikia mwenyewe. Anakuja mbio, mikono ina unga, khanga moja imedondokea njiani. Nilijua nani kajifungua Tabora na nani kaachika Bariadi kabla ya mama zao kujua. Hakuna aliyenilipa wala sikudai, ila mpunga ukivunwa, debe la kwanza la jirani halikusahau mlango wangu.

Sisi Wasukuma tuna kitu kinaitwa mwano. Ni ukelele wa mtu aliyepatwa na shida. Ukiusikia unatoka kama ulivyo, hata kama una sabuni mwilini, unaupokea na kuupeleka kwa jirani wa mbele yako. Asiyeupokea hutengwa. Haombwi moto wala hapewi, hasalimiwi, na siku yake ikifika analia peke yake. Wazee wa mtaa walikuwa wakitania kwamba simu ya Baba Neema ni mwano wa waya. Nami nilicheka nao. Mtu akikubebesha mzigo kwa utani, mwanangu, usicheke kwanza. Upime uzito.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kulwa. Alijaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Doto Mungu alimchukua angali mchanga, na baba yao akafuata baadaye, akabaki mama na Kulwa wake. Kulwa alipopata nguvu za kushika sururu akaenda huko upande wa Geita, kwenye maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Mama hakutaka. Kulwa akamwahidi jambo moja: kila Jumapili asubuhi atafika kwenye kibanda cha simu cha senta yao na kupiga kwangu, ili mama asikie sauti yake. Na alitimiza. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko sala ya chakula. "Mama, mzima?" "Mzima. Umekula?" "Nimekula." Basi. Mama Kulwa anarudisha mkono wa simu mahali pake taratibu, kana kwamba anamlaza mtoto, anashukuru, anakwenda. Na wiki nzima anapumua kwa ile "nimekula".

Hapo ndipo intaneti ikaingia mjini.

Wewe umezaliwa ikiwa hewani, huielewi taabu yetu. Enzi zile kompyuta ilikuwa haipati intaneti mpaka ipige simu. Ulikuwa na kidubwasha kinachoitwa modemu. Kinashika waya wa simu yako, kinapiga namba ya kampuni iliyokuuzia huduma, wanapigiana makelele kama paka wawili kwenye gunia, kisha unaingia. Na muda wote uliomo, waya umeshikwa. Ukipigiwa, mpigaji anasikia tu ule mlio wa kwamba simu inatumika. Uelewe hilo, kwa maana hilo ndilo hadithi yenyewe.

Niliitaka intaneti kwa uchu. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya biashara, niwatumie wafanyabiashara barua pepe. Ukweli ni kwamba niliona hatimaye nimepatiwa njia ya kwenda ulimwenguni bila kuvaa viatu.

Kampuni za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ilikuwa Mwanza, na aliyeitumia ni Kantibhai, mwenye duka la mabati na misumari karibu na soko, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, Kisukuma chake kinanishinda hata mimi. Ya pili ilikuwa Dar es Salaam, na ililetwa na kijana mmoja wakala, kavaa tai kwenye joto la Kahama, mkononi ana karatasi zenye picha za watu weupe wanaocheka. Ya Dar malipo yake kwa mwezi yalikuwa kama nusu ya ile ya Mwanza. Na Jumapili, alisema yule kijana, mteja anakaa ndani atakavyo.

Nilimpitia Kantibhai dukani, nipate mtu wa kumringia.

"Baba Neema," akasema, bila kuacha kupima misumari, "bei ya mwezi usiulize. Uliza ukipiga wanapokea mara ya ngapi. Hawa wangu wa Mwanza mlio wa kwanza tu, wanapokea. Mimi naandika barua zangu zote kwanza, waya hata sijashika. Nikimaliza napiga, natuma, nakata. Mke wangu hata chai haijachemka."

"Na unalipa mara mbili yangu."

"Nalipa. Na simu yangu inalia." Akanitazama juu ya miwani. "Yako wewe ni ya watu wengi. Kampuni yenye wateja wengi na simu chache, mashine yako itakuwa inabisha hodi mchana kutwa. Nani atapita mlangoni?"

Nilitoka pale nikimcheka moyoni. Mfanyabiashara mzima, nilisema, hajui kununua. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nikaenda kununua fimbo iliyoko Dar es Salaam, tena nikafurahi kwamba ni ya bei poa.

Kijana wa tai alikuja kunifungia. Alipomaliza akaniwekea na kitu alichokiita zawadi: mashine ikikuta kule Dar simu zimejaa, au ikitupwa nje katikati, itapiga tena yenyewe, na tena, mpaka ipokelewe. "Mzee, wewe lala tu, yenyewe inahangaika," akasema. Majirani walikuwa wamejaa dirishani kuangalia. Mama Kulwa akauliza kutoka nyuma, "Na hiyo mashine ikiwa inaongea, sisi tutapigiwa wapi?"

"Mama Kulwa," nikamjibu, "hii inaongea haraka kuliko wewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Haya," akasema. "Mimi nimeuliza tu."

Sasa nirudi kwenye Jumapili ile. Mvua ilikuwa imenyesha siku mfululizo, ile mvua isiyo na hasira wala haraka, inayoloanisha udongo mpaka chini kabisa. Mwenye shamba huifurahia. Lakini mtaani kwetu walikuwepo akina mama wenye watoto machimboni, na mvua ya namna ile ikianza utawaona wanakosa maneno. Anachota maji, anasahau ndoo kisimani. Anamsalimu mtu yule yule mara mbili. Hakuna anayesema anachokiogopa. Kukitaja ni kama kukiita.

Mama Neema alikwenda kanisani na mtoto. Mimi nikabaki na kisingizio cha kifua. Nikawasha mashine mapema, maana Jumapili kupiga simu ya mbali kulikuwa nafuu kidogo. Ikapiga Dar. Imejaa. Ikapiga tena. Imejaa. Nikaiacha ihangaike kama nilivyoambiwa, nikanywa chai yangu.

Mama Kulwa akabisha hodi. "Mwangaluka, Baba Neema. Kulwa hajapiga?"

"Bado, Mama Kulwa. Ni mapema."

"Mvua hii."

"Mvua ni neema."

"Kwa mpunga, ndiyo," akasema. Akaitazama ile modemu, vitaa vyake vinakonyeza. "Hiyo inafanya nini?"

"Imepumzika," nikasema. Wakati ule ule ilikuwa inapiga.

Usiniulize kwa nini nilidanganya. Ni uongo ule mdogo, unautoa kama unavyofukuza inzi. Akarudi kwake.

Alipokuja mara ya pili, nilikuwa tayari nimepokelewa kule Dar, na picha ilikuwa inashuka. Enzi zile picha haikuja nzima. Ilishuka mstari kwa mstari kutoka juu, kama mtu anateremsha pazia kwa woga. Ilikuwa ni mji fulani wa Ulaya wakati wa baridi. Kwanza mbingu ya kijivu. Kisha ncha ya mnara wa kanisa. Kisha mapaa, yote meupe. Nilikuwa nimeuegemea ule mwanga, mtu wa Kahama ambaye hata Mwanza niliifahamu kwa kusimuliwa.

"Bado?" akauliza Mama Kulwa. Hakupiga hodi.

"Bado."

"Kawaida yake saa hizi ameshapiga. Hebu inua mkono wa simu nisikie kama iko hai."

Mwanangu, ningeinua ule mkono, angesikia makelele ya mashine, na picha yangu ingekatika ikiwa imefika kwenye madirisha. Nikamwambia, "Simu ni nzima, Mama Kulwa. Nenda kamalizie mchele wako, ikilia nitakuita." Alikuwa ameshika ungo. Akatii, akaenda. Nikamsikia nyuma ya ukuta anapepeta, shaa, shaa, shaa. Kila alipoacha kupepeta nilijua anasikilizia mlio wa simu yangu, na kila aliposimama mimi nami moyo ulisimama. Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza kuogopa. Hilo ndilo nataka ulijue. Mjinga asiyejua anasamehewa upesi. Mimi nilijua. Ndani yangu palikuwa na kitu kinagonga, taratibu, kama mtu aliyefukiwa anavyogonga mwamba ili walioko juu wamsikie. Nikajiambia, picha ikiisha nakata. Ikabaki barabara. Ikabaki miguu ya watu wanaotembea kwenye theluji.

"Hodi hapa."

Haikuwa sauti ya mtaani. Mlangoni alisimama kijana mwenye buti za mpira, tope limemfika kifuani, jekundu, ile rangi ya udongo wa machimboni. Aliishika fremu ya mlango kama mtu anayeogopa kuichafua nyumba, au kuanguka.

"Shikamoo. Hapa ndipo kwenye simu?"

"Marahaba. Ndipo."

Aliitazama simu juu ya kitambaa chake. Akanitazama mimi. "Mzee, simu hii tumeipiga tangu asubuhi. Tumeipiga mpaka mwenye kibanda akatuonea huruma. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nyuma ya ukuta kupepeta kulikuwa kumekoma.

Na hapo, mbele yake, mawasiliano na Dar yakakatika, mambo ya kawaida yao, na ile zawadi ya yule kijana wa tai ikaanza kazi. Mashine ikapiga yenyewe. Tukasikia sote: vile vibonyezo vya namba, halafu ule mlio wa kwamba simu imejaa, halafu kimya, halafu namba tena. Mama Kulwa alikuwa amefika mlangoni, ungo mkononi. Alisikiliza duru moja nzima. Hakuhitaji kuelezwa.

Nikaruka, nikaung'oa waya ukutani, na plagi ikabaki humo humo ikiwa vipande viwili. Basi simu ikafa kweli.

"Mayu," yule kijana akamwambia Mama Kulwa, kama anavyomwita mama yake kwao, "duara limetitia alfajiri. Kulwa tumemtoa. Yu hai, mayu, alikuwa hai. Mguu ndio ulikuwa chini ya gogo. Tumepata pikapu ya kumpeleka Kolandoto hospitali, na hapa Kahama ndiyo njia. Tulitaka ukae barabarani tukuchukue. Gari lilisimama pale njia panda. Wakanishusha nikutafute, lakini damu..." Akaishika tena fremu ya mlango. "Dereva akasema hawezi kungoja. Wamekwenda."

Njia panda, mwanangu, ni mwendo wa kumfukuza kuku. Ungeweza kuisikia honi ukiwa uani kwake, kama masikio yako hayakuelekezwa kwenye simu.

"Alipita?" Mama Kulwa akauliza.

"Alipita, mayu."

Hakulia. Aliweka ungo chini, akahakikisha hauegemei upande, akajifunga khanga kiunoni. Akaniambia bila kunitazama, "Baba Neema, vaa viatu."

Nikavaa. Nilikimbia hadi kwa Kantibhai, mimi niliyekuwa sikimbii hata mvua. Alikuwa amefunga duka, yuko mezani na familia. Nilipomaliza kusema hakuuliza swali hata moja, hakusema "nilikuambia". Alifuta mikono, akachukua ufunguo wa pikapu yake. Laiti angesema. Kuna ukimya unaochapa kuliko bakora.

Tulimpitia Mama Kulwa, tukakaa mbele watatu. Barabara ilikuwa uji. Kuelekea Isaka, na baada ya Isaka, kila gari lililotokea mbele lilitukata pumzi, kwa maana pikapu iliyopeleka mgonjwa ikirudi mapema ina sababu yake. Likitokea lori, tunapumua. Likitokea gari dogo, Mama Kulwa anaweka kiganja kwenye kioo. Mimi nilikuwa nahesabu dhambi zangu na kuzikuta zote zina sura moja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtoto wa jirani.

Karibu na Tinde tukaiona. Pikapu ya bluu, yule kijana wa buti, tuliyemwacha mtaani, alikuwa ametueleza ilivyo, inatujia taratibu, nyuma hamna mtu. Kantibhai akawasha taa, akasimama katikati ya njia. Kabla gari halijatulia, Mama Kulwa alikuwa ameshashuka. Hakumwendea dereva. Aliikwea ile pikapu kwa nyuma, akatazama sakafu yake. Ilikuwa safi, maji bado yanachuruzika kwenye mfereji wa bati.

"Mbona mmeosha?" akauliza. "Mbona mmeosha?"

Dereva alikuwa kijana kama Kulwa. Akashuka amevua kofia. "Mama, nimemwacha anapumua. Wamempokea. Nimeosha kwa sababu... nisingeweza kuendesha nikiwa naiona."

Mama Kulwa akashikwa mkono, akashushwa. Tukaendelea.

Hospitalini tukaambiwa yuko chumba cha upasuaji. Walikuwa wameingia naye muda si mrefu. Wangesubiri ndugu, lakini mguu haukusubiri. Tukakaa kwenye ubao wa nje, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Mwanamke mmoja asiyetujua akatumiminia uji. Nilishika kikombe mpaka uji ukaota ngozi. Nilikuwa naogopa mlango ule ufunguke, na naogopa usifunguke.

Ulifunguka. Wakampitisha Kulwa kwenye kitanda cha magurudumu, na shuka upande wa kushoto, chini ya goti, lilikuwa limelala. Alikuwa hai. Mama yake akamfuata, nami nikawafuata kama mbwa aliyefanya kosa.

Alipozinduka jambo la kwanza alilosema halikuwa mguu. "Mama, gari lilisimama pale njia panda. Niliinua kichwa nikatazama. Nikasema utatokea pale kwenye kona ya genge."

"Nilikuwa napepeta mchele, mwanangu," akasema.

"Hawakukuita?"

Mama Kulwa alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Nikajiandaa, nilijua ninachostahili, na karibu nikitamani.

"Simu ilikuwa mbovu," akamwambia mwanawe. Akampangusa jasho.

Mwanangu, nimeshawahi kusemwa. Baba yangu alinisema, walimu walinisema, Mama Neema ananisema mpaka leo na bado ana akiba. Hakuna aliyewahi kunisema kama mama yule siku aliponisitiri.

Mtaani hawakuniita kikao. Nilikuwa nimekaa nikisubiri kuitwa na wazee, nitozwe, nitengwe, walau nijue mwisho wangu. Hawakuniita. Waliacha tu kuja. Fundi alikuja akatengeneza ukuta, simu ikapona, ikakaa juu ya kitambaa chake, na haikulia. Watu walikuwa wamewapa ndugu zao namba ya duka la mbali, huko Nyahanga, wanatembea na jua kwenda kusubiri kupigiwa. Nikapata nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote: nyumba yangu, kiti changu, hakuna anayebisha hodi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa barabarani. Usiku na mchana niliwaza, nikiugua mimi hapa, ukelele wangu nani ataupokea?

Basi nikavaa tena viatu. Nikapita nyumba kwa nyumba, nimeshika kofia, nasema jambo lile lile: nimeacha kampuni ya Dar, nimechukua ile ya Mwanza; naandika kila kitu kwanza, napiga mara moja, nakata; na mashine ikiwa kwenye waya nitafunga kitambaa chekundu mlangoni, ukikiona na una shida, piga mlango hata kwa teke. Wengine walinikaribisha ndani. Wengine walinisikilizia mlangoni. Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Kulwa, Jumapili, baada ya kutoka kumtazama mwanawe. Alikaa kwenye kiti kilekile, akasema, "Nimekuja kungoja simu." Hakuwa na mtu wa kumpigia, maana Kulwa alikuwa wodini. Alikuja ili wengine waone amekuja. Alasiri ile watatu wakafuata.

Kulwa leo ana mashine ya kukoboa mpunga na wajukuu wanaomfichia magongo kwa utani. Kitambaa chekundu ninacho mpaka sasa.

Sasa nisikilize, kwa sababu najua unajisemea kwamba hayo ya waya yamepita. Siku hizi unapokwenda kuchagua kitu cha bei nafuu, iwe kifurushi, iwe chumba cha kupanga, iwe fundi, usiishie kuuliza kinagharimu nini. Uliza kile kilichopunguzwa kwenye bei kimepelekwa kwa nani akalipe. Ikiwa ni wewe, sawa, rahisi ghali, utajifunza. Ikiwa ni aliye nyuma ya ukuta, kiache dukani. Na ukipewa na watu kitu cha kutunza kwa niaba yao, hata kama kimesajiliwa kwa jina lako, usikifungie mlango bila kuwaambia. Na moyo ukianza kukugonga kwa ndani, mwanangu, inuka wakati ule ule. Usingoje picha iishe.

Mungu akupe masikio ya kusikia ungo unapokoma nyuma ya ukuta. Akupe viatu karibu na mlango. Akupe jirani wa kukusitiri hata siku usiyostahili, na siku yako ya kulia ikifika, ukelele wako upokelewe nyumba kwa nyumba mpaka ufike.

Haya yote nilimsomea Mama Kulwa jana, alipokuja kukaa, maana ni habari yake kabla haijawa yangu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni yale yale. Alisikiliza hadi mwisho, akichambua karanga, kisha akasema:

"Theluji umeipamba kuliko mguu wa mwanangu, Baba Neema. Wewe waandikie hivi tu, wataelewa: siku ile ulikuwa nyumbani, na hukuwepo."